Kifaa Hakijalia

Saa saba usiku, Miritini. Foleni haijasogea tangu adhuhuri.
Kontena limebeba vigae vya mtu wa Eldoret,
na kichwa cha lori kina joto la tanuri la mikate.
Bi Sanura, tajiri wangu, amefunga kifaa chini ya dashibodi:
injini ikinguruma bila safari,
simu yake kule Nyali hulia ting'.
Asubuhi huniuliza, si kwa ukali, kwa hesabu:
"Mwakio, lita sita ulizichoma ukienda wapi?"

Nilikwenda usingizini, Bi Sanura.
Nikarudi mikono mitupu.

Nilipozima, nikafungua vioo: mbu wakaingia na jamaa zao.
Nikafunga vioo: shuka ikaloa kama kitambaa cha kuchujia chai.
Mutinda wa lori la mbele aliacha yake ingurume hadi alfajiri,
moshi wake wote ukaja kulala kwangu.
"Mie nalala kifalme," akasema.
Mwisho wa mwezi alikatwa mshahara.
Mfalme akaja kukopa unga.

Ndipo mimi na utingo wangu Nyamawi
tukaanza kutafuta akili za bei ya chini.

Paa kwanza. Rangi nyeupe, kopo moja, brashi ya kuazima.
(Lilikuwa jeusi. Nani hupaka lori jeusi Mombasa?
Mtu ambaye hajawahi kulala ndani yake.)
Jana niliugusa ubati nikaruka;
leo naugusa, nao unanivumilia.

Kisha Mwanamisi, fundi cherehani wa Jomvu,
alikipima kioo cha mbele kama anayepima bi harusi.
Pakiti za maziwa mia na ishirini, zimepasuliwa, zimeoshwa,
zimeshonwa pazia, upande wa fedha ukitazama nje.
Jua likija linajiona, linaona haya, linageuka.
Malipo: shilingi mia saba
na gunia la vitunguu nikirudi kutoka bara.

Chandarua cha mtoto, kimebanwa dirishani kwa sumaku za spika mbovu.
Feni mbili za kompyuta zilizokufa, tulizozipata Mwembe Tayari:
moja chini, inavuta hewa ya kivulini,
moja juu, inatapika joto.
Zinakula betri ya pikipiki,
betri inakula jua,
jua linatua kwenye sola isiyozidi sinia ya pilau.
Betri ya lori haiguswi. Niliigusa siku moja;
asubuhi lori halikukohoa hata.
Mutinda akaniazima umeme. Kicheko alinipa bure.

Leso mbichi mbele ya feni, hiyo haikufaa.
Hewa ya hapa imeshiba maji, haitaki tone jingine.
Lakini tukifika Mtito Andei, leso ileile ni barafu.

Na Timboroa, baridi inapopanda kutoka kwenye chuma,
tunaligeuza pazia, fedha itazame ndani,
blanketi nzito chini ya mgongo, nyepesi juu,
chupa ya maji moto ndani ya soksi, miguuni.
Jiko la makaa, hapana.
Kirimi aliingia nalo ndani, akafunga vioo.
Alipata joto.
Tulimzika Jumanne.

Usiku huu Mutinda amekuja kugonga mlango,
amepapasa pazia, ameuliza bei, amenung'unika,
amerudi kwake, amezima.
Kimya kikashuka kutoka lori hadi lori.
Nikasikia vyura wa kwenye mikoko,
na Nyamawi akikoroma kwa Kiduruma,
na kwenye nyumba ya kwanza kando ya barabara,
dirisha ambalo sijawahi kuliona wazi
likifunguliwa kwa kwikwi za bawaba.
Mkono ukatoka. Ukaonja hewa. Ukaliacha wazi.

Saa kumi na mbili, simu.
"Mwakio, kifaa kimekufa? Usiku kucha hakijalia."

Hakijafa, Bi Sanura.
Nacho kimelala.