Herufi Nane

Tuta la Mjananza lilibomoka usiku wa bamvua.
Asubuhi bahari imejilaza kondeni
kama mgeni asiyebisha hodi.
Uturi ukaungua, ncha za majani kwanza,
ukawa rangi ya mkeka wa zamani.
Uliosimama ni Mkaidi, mpunga wa Bi Kazija,
punje nyekundu, fupi, ngumu,
ambazo hata kuku huzitazama
wakauliza kama hakuna kingine.

Nilikuja na mkasi na bahasha,
jani moja kila shina.
Mama akasema: “Unawanyoa?
Au ndo mnaagana?”

Kizimbani nikalisaga jani, nikalisuuza,
likabaki uzi wa ute mweupe
ndani ya kichupa kisichofika kidole cha mtoto.
MJ-14, kwa wino usiofutika.
Jina lake nililiandika pembeni,
kwa penseli.

Mashine ikasoma siku tisa,
herufi nne tu, mbele nyuma,
kama mtoto wa chuoni aliyekwama
alifu, be, te, the.

Na kwenye kromosomu ya nane
nikaikuta siri ya Uturi:
herufi nane hazipo.
Zilidondoka zamani, hapana aliyeziokota.
Harufu ile inayoita majirani
kabla hujafunua chungu,
ni pengo.
Mkaidi umetimia, haukupungukiwa na kitu,
na haunukii.

Nikampigia Mama.
Akacheka mpaka simu ikakatika.
Akapiga yeye:
“Ndo ulosomea miaka minne?
Babako alikuwa na pengo la meno ya mbele.
Mie nilimpendea nini?”

Alfajiri, maua hayajafunguka,
nikaushika Uturi kwa kibano,
nikautoa uume wake, chavua baada ya chavua,
nikaupaka vumbi la Mkaidi.
Kizazi cha pili: miche mia tatu na kumi na miwili.
Haijafika gotini, majani yameshanena
nani kabeba pengo, nani anaistahimili chumvi.
Wenye yote mawili, saba.

Tuliipanda palepale, chini ya tuta.
Mavuno ya kwanza hayakujaza pishi.
Mama akapepeta kwa uteo, akapika,
akainamia mvuke, kimya kirefu.
“Wanukia,” akasema, “lakini kwa mbali,
kama mtu aliyejitia manukato juzi.”

Akazifunga punje zilizosalia pindoni mwa kanga.
“Huu wa ngapi?”
Wa tano.
“Basi niletee na wa sita.”