Mkanda wa Mihayo

Mimi ni fundi viatu, noti za muziki sizijui.
Ninachojua ni ngozi:
ipi itakubali sindano, ipi itapasuka mvua ya kwanza.
Basi msiniulize kama alikuwa bora kuliko wote.
Niulizeni mkanda.

Niliushona mwenyewe, hapa hapa Isevya,
ngozi ya fahali, uzi wa nailoni mara mbili.
Akanilipa chupa tatu za asali ya mama yake
na ahadi ya hela, ambayo alikuja kuitimiza
baada ya miaka minne, mimi nimeshaisahau.
Alisimama hapo mlangoni na viatu vyeupe vya Dar es Salaam,
akanyoosha noti, akasema, "Deni."
Neno moja. Huyo ndiye Mihayo.

Kwa Kinyamwezi mihayo ni maneno.
Bibi yake alimpa jina, Mungu akasahau kumpa mzigo wenyewe.
Alichokuwa nacho alikiweka kwenye nyuzi nne,
za kwanza zikiwa waya za breki za baiskeli,
na spika yake debe la mafuta ya kula
lililonguruma kama tumbo la mfungaji.

Tuliishi kando ya reli. Usiku, stesheni,
mabehewa ya Mwanza yakitengwa na ya Kigoma,
kichwa cha treni kinarudi nyuma taratibu,
kimya,
kimya kidogo tena,
halafu chuma kinashika chuma: ndu.
Sisi tulilala. Yeye alikuwa anauhesabu ule ukimya.

Mwaka ule kila baa ilipiga Zuleda.
Mliimba naye, mkasuka nywele kama zake.
Mimi nilisubiri ubeti wa tatu.
Pale anapovuta pumzi pana pengo,
besi inachelewa, unadhani mtu kazimia,
halafu ndu.
Mkainuka, mkacheza, mkasema, "Zuleda huyu!"
Nami nikagongelea soli, nikasema kimoyomoyo:
behewa la Kigoma hilo, limeshika.

Kwenye televisheni hakuwa na uso.
Kamera ilimpenda Zuleda, ni haki yake, alipendeza.
Lakini nyuma ya bega lake la kushoto, pembeni kabisa,
ulionekana mkono, na kipande cha mkanda,
na mishono yangu saba ya kukingama.
Nikamwita mke wangu, njoo uone kazi yangu!
Alipofika walishaweka tangazo la sabuni.

Alirudi mwezi wa tatu, amekonda, macho ya manjano.
Kitete walimlaza siku tisa.
Redio ikasema: mwanamuziki mmoja wa bendi ya Zuleda.
Mmoja.
Shada lilikuja na ndege, kubwa, la plastiki,
limeandikwa kwa dhahabu: BURIANI MIAYO.
Herufi moja tu ilidondoka njiani
na maneno yote yakageuka usingizi.
Mtoto fulani akacheka. Kisha Mama Nyamizi, mzazi mwenyewe, akacheka,
akacheka mpaka akashikwa mabega,
kisha sote, makaburini, makoleo mkononi,
na katikati ya kicheko
pakawa na pengo,
tukasubiri.

Juzi Mama Nyamizi kaniletea mkanda.
Jasho limeuchora ramani, tundu la tatu limetanuka.
"Kata," akasema, "nifungie ndoo ya asali,
mpini umekatika."
Nilitaka kubisha. Nilitaka kusema makumbusho, sijui nini.
Naye ana wateja Gongoni, wanangoja.

Nimeukata. Ile mishono saba nimeiacha.
Asubuhi anapita mbele ya kibanda changu na ndoo yake,
mkanda unalia kwa uzito wa asali,
hatua, hatua,
halafu anasimama kubadili mkono.
Nami nyundo naishikilia hewani
mpaka ainyanyue tena.