Risasi ya Uongo

Uwanja uko nje ya Barka, nyuma ya kiwanda cha matofali.
Saa kumi na mbili asubuhi, na chuma tayari kina joto.
Leseni niliisubiri miezi saba,
bastola ninayo tangu Jumatatu,
nzito kama deni dogo la mtu mkubwa.

Risasi kumi za kwanza: karatasi yangu safi, kama ilivyotoka dukani.
Ya jirani ndiyo iliyopata tundu la ziada.
Jirani akacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Ganda la moto likaniingia kolani;
nikarukaruka, miaka hamsini na mbili, mhasibu wa bandari,
na Shahdad, mwalimu, Mbaluchi asiyepoteza neno,
akaniambia tu: "Mtutu chini. Ngoma baadaye."

Kisha akaichukua, akanipa mgongo,
akajaza mwenyewe, akanirudishia.
Mbili zikalia.
Ya tatu: tik.
Hakuna moshi, hakuna kishindo,
ila mtutu ulishainama, umechimba hewa,
kama mtoto anayekunja uso kabla ya kofi.

Alinitilia moja ya uongo, isiyo na baruti.
"Si bastola," akasema. "Woga wako unaitangulia risasi."

Nyumbani Zuwena akaninusa mikono.
"Umepiga nini?"
"Karatasi."
"Umeipata?"
Nikaenda kunawa.

Usiku, taa zimezimwa, yeye amelala,
nilinyoosha kidole gizani, kitupu,
nikakivuta taratibu, taratibu,
nione kama bega litatulia.