Kisima Namba Nne

Kuna vifuniko saba vya chuma pale kituoni, Yombo Vituka,
vidogo kama kisahani cha kikombe,
vimelala sawasawa na zege. Bodaboda wanavikanyaga,
wanajaza ya elfu tano, wanaondoka.
Mimi ndiye ninayepiga magoti.

Spana namba kumi na tatu. Bolti mbili, moja ina kutu.
Nafungua, na kabla sijateremsha kitu
pumzi ya chini inanifikia usoni:
petroli ya zamani, tamu, iliyolala gizani
tangu tangi lilipotoboka na hesabu zikakataa kukubaliana,
mwenye kituo akasema ni wizi,
akafukuzwa Mponda, mlinzi wa usiku.
Miaka miwili walimtafuta mwizi. Mwizi alikuwa kutu.

Wahenga walisema mafuta na maji hayachangamani.
Nawaheshimu, ila hawakuwa na maabara.
Mafuta hukaa juu, kweli, kama mgeni rasmi,
lakini kuna kitu ndani yake kinachoteremka,
kinayeyuka bila rangi, kinatembea na maji
polepole, hatua chache kwa mwezi,
chini ya gereji, chini ya kibanda cha chipsi,
chini ya ukuta wa Bi Sikuzani,
mpaka kwenye ndoo aliyokuwa akiuza shilingi mia.

Yeye ndiye aliyegundua. Si sisi wenye vyeti.
Chai ilinuka koroboi.
Akamwaga, akapika nyingine, akamwaga,
akafunika kisima kwa bati na tofali tatu,
akaja kituoni na jagi la maji,
akaliweka kaunta, akasema: "Kunyweni."
Hakuna aliyekunywa.

Sasa ni mwaka wa sita. Nashusha kipimo cha kina:
mlio mmoja kwa mafuta, mwingine kwa maji.
Zamani kati ya milio hiyo palikuwa na vidole vinne;
sasa ni wembe. Pampu inakoroma nyuma ya choo
usiku na mchana, inanyonya utando,
nyingine inapuliza hewa mchangani
kama mama anavyopuliza jicho la mtoto lililoingia taka.
Umeme ukikatika, tunarudi nyuma.
Masika yakija, tunarudi nyuma:
maji yanapanda, yanaosha mchanga uliokuwa umetulia,
na tarakimu zinafufuka.

Nachota. Najaza kichupa mpaka maji yavimbe mdomoni,
nafunga, nakipindua, nakigonga kwa ukucha.
Pakiwa na povu moja, hata kama jicho la sisimizi,
namwaga, naanza upya,
kwani lile ninalolitafuta hutorokea humo.
Barafu. Lebo. Tarehe. Saini.

"Yamesema nini?" huuliza Bi Sikuzani kutoka mlangoni,
kana kwamba natoka wodini kumwona mgonjwa wake.
Namjibu: wiki tatu. Anahesabu kwa vidole.

Kisima namba nne, kile cha karibu na ukuta wake,
kilikuwa safi mara tatu mfululizo.
Kanuni yetu inataka mara nne.
Ya nne iliangukia Juni, baada ya mvua kubwa.
Karatasi ikaja na namba moja ndogo iliyovuka mstari
kwa kiasi ambacho ukikiweka kijikoni hukioni.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Ningeweza kupiga simu.
Alikuwa anakung'uta mkeka. Akasikiliza.
"Basi tunaanza moja," akasema, bila hasira,
kama mtu aliyekosea kuhesabu mashono.
Akanisogezea kigoda, akanimiminia chai
ya maji ya kununua, ndoo shilingi mia tano.
Nikainusa kabla ya kunywa. Mazoea tu.
Nilipoinua macho nione kama ameniona,
naye kikombe chake kilikuwa bado kiko puani.