Ndoo

Somoe, miezi kumi, alinyosha kidole
kumwonyesha punda wa mchanga
aliyesimama mlangoni petu, Langoni.
"Ee, punda," nilisema,
nikaendelea kuchekecha unga.
Hakumtaka punda.
Alitaka tuwe wawili tunaomwona.
Hilo sikulijua. Nani huijua pumzi
kabla hajapaliwa?

Kisha akaja Lali.
Lali hakunyosha kidole. Alinishika kifundo cha mkono
kama mtu ashikavyo upawa,
akaniongoza hadi mferejini,
akauweka mkono wangu juu ya koki
na kungoja maji.
Usoni pangu hakupita.

Mavyaa alisema wavulana huchelewa.
Jirani alisema jicho.
Tulifukiza, tukasoma, tukanyunyiza.
Hospitalini daktari kijana alimpa kikombe na mwanasesere:
"Haya, mnyweshe mtoto chai."
Lali alikigeuza kikombe
akachunguza kitako chake, kwa muda mrefu,
kama anayesoma hati ya nyumba.
"Usonji," akasema daktari.

Ndipo nilipoanza kusoma utoto upya,
kama fundi afumuaye kofia
ili ajue ilivyoshonwa, tundu kwa tundu:
kuangaliana,
kungojana,
kucheka kwa kuwa mwenzio kacheka.
Somoe alizishona zote usiku mmoja, nadhani,
mimi nimelala.

Siku ya msiba wa kaka yangu Shekuwe
nililia, na Lali akaziba masikio.
Hana huruma, walinong'ona mkekani.
Mimi niliziona kucha zake
zilivyokuwa nyeupe kwa kubana.
Kilio kilikuwa kimemwingia
kuliko wao wote na buibui zao.

Bibi yake hasemi njoo. Yeye ni Mwamu wa zamani:
"Ndoo, mwana! Ndoo!"
Lali akaenda kiwandani, akabeba ndoo,
akaibwaga miguuni pa bibi, tupu.
Somoe alicheka hadi akakohoa.
Bibi hakumsahihisha.
Kesho yake akaita vile vile.

Sasa ndoo haina kazi nyingine.
Ameipindua, huikalia karibu na goti la bibi,
uso ukutani.
Jana aliigonga kitako, mara moja.
Bibi naye akagonga, mara moja.
Kimya.
Nilizima jiko, samaki nusu mbichi,
nisikie.