Gia ya Pili, Kawetire

Kigari changu ni Vitz, sisi elfu moja tu,
rangi ya maziwa yaliyoingiwa na chai.
Jumatatu na Alhamisi, saa kumi alfajiri,
kinapeleka Chunya vifaranga mia sita,
maboksi mpaka siti ya mbele,
mlio wao ndani kama mvua juu ya bati.

Mjini kinakwenda bila neno.
Kikiikuta Kawetire kinaanza kukohoa.
Gia ya tatu, hapana.
Ya pili, inaomba radhi.
Ya kwanza, tunapanda kama tunaotafuta
sindano iliyoanguka barabarani.
Siku moja lori la saruji likanipita,
tingo akachungulia, akauliza
nimeishiwa mafuta au nimeishiwa imani.

Asajile, fundi wa pale Sido,
akafungua boneti, akasikiliza, akanusa.
"Huyu haumwi," akasema,
"huyu anavuta hewa kwa mrija wa soda."
Akanionyesha manifodi: plastiki nyeusi, koo jembamba.
"Silinda nne zinagombea pua moja.
Na kule juu hewa yenyewe
Mungu kaipitisha kwenye chekeche."

Nikaipata nyingine kwenye vyuma chakavu,
ya aluminiamu, ya injini kubwa kidogo,
ya gari lililolala mtaroni Inyala.
Elfu themanini na tano.
Ilikuwa hela ya chanjo ya kideri.
Subilaga akaipima uzito mkononi, akanirudishia.
"Watu hununua tairi," akasema.
"Wewe umenunua upepo."

Matundu ya bolti hayakukutana,
nusu kidole huku, nusu kidole kule.
Asajile akachonga kibao cha kuyapatanisha
na mimi nikapewa kazi ya nyumbani:
msasa uliozungushwa kijitini,
kila usiku, kando ya jiko la mkaa,
namba themanini, kisha mia mbili,
kisha ncha ya kidole changu mwenyewe
ikipapasa gizani ndani ya bomba
mahali ambapo hewa ingejikwaa.

"Usiifanye kioo," alinionya.
"Hewa ikiteleza mno
inasahau kumbeba petroli."

Ilikuwa usiku wa nne au wa tano.
Nimepumzisha mkono, natazama ukutani
maboksi matupu yaliyopangwa kusubiri Alhamisi.
Kila upande matundu manane.
Ni mimi niliyeyatoboa, kwa msumari wa moto,
miaka minne sasa, sijawahi kusahau hata boksi moja,
maana kifaranga akikosa hewa
hapigi kelele, anakufa kimya.

Na gari, lililokuwa linapiga kelele,
nililitukana.

Gasketi ya kwanza ikavuja,
injini ikapiga filimbi kama refa aliyehongwa.
Asajile akaikata ya pili kwa mkasi wa mkewe.
Filimbi ikanyamaza.

Alhamisi. Ukungu hadi kwenye magurudumu.
Gia ya tatu, hapana;
sikutarajia, lakini nilijaribu.
Ya pili.
Nikangoja ikohoe.
Ikashika kona ya misindano.
Ikashika pale ninapozoea kuzima redio
ili nisikie vizuri ninavyoshindwa.
Lori la saruji lilinipita hata hivyo,
tingo yuleyule, safari hii hakuuliza kitu.

Kileleni nikaegesha, nikazima.
Nikafungua boneti bila sababu,
nikaweka kiganja karibu na ile aluminiamu,
karibu tu, ilikuwa ya moto.
Bonde lote chini lilikuwa giza,
na nyuma yangu, kwa yale matundu manane,
vifaranga mia sita walikuwa wanaanza kuamka.

Simu ikatetemeka. Subilaga:
*Imepanda?*
Nikaandika: *Kwa gia ya pili.*
Akakaa kidogo.
*Hongera. Na tairi?*