Mpaka Jua Lilifikie

Mbegu za mchicha alizonipa Shangazi Ghaniya
nilizipitisha uwanja wa ndege wa Maskati
ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi,
nikazipandisha mlimani hadi Saiq,
nikazifukia kwenye kitalu cha mawe, nyuma ya jiko.
Zilichomoza kwa adabu. Majani mawili, manne.
Kisha Desemba ikaziunguza usiku mmoja,
nyeusi kama utambi.

Bi Shinuna wa ukuta wa pili hakucheka.
Alinipa jirjiri, mbegu laini kama ugoro,
na saladi ya majani ya kujikunja, na spinachi.
"Hawa ni watoto wa baridi," alisema
kwa Kiswahili chake cha Bujumbura.
"Isipowachapa, hawawi watamu."

Zamu yangu ya falaji ni Jumatatu, nusu saa.
Nazibua tambara, maji yanaingia
yakinong'ona kama mtu anayehesabu pesa zisizo zake.
Mundhiri hushika jembe dogo, huku akisema
saladi ipo Nizwa, fungu baisa mia mbili.
Anasema tu. Jembe haliachi.

Jana usiku tuligombana. Kiwanja cha Fuoni:
nani alitia sahihi, nani hakuulizwa.
Nikalala sebuleni na hasira zangu,
nikasahau kufunika saladi.

Alfajiri kitalu kizima kilikuwa kioo.
Jirjiri kifudifudi. Spinachi ngumu,
ukiigonga kwa ukucha inalia.
Nikanyoosha mkono niyakung'ute barafu.
"Acha!" Bi Shinuna, shali kichwani, mswaki mdomoni.
"Jani lililoganda ukiligusa linavunjika kwa ndani,
halafu linaoza. Ngoja mpaka jua lilifikie."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Jua la huku halina haraka.
Lilianza na mnara wa msikiti,
likateremka kwenye mikomamanga iliyo uchi,
likasimama kwenye tangi la maji, sijui likingoja nini.
Mlango wa chumba chetu ulikuwa bado umefungwa.
Mara mbili niliinuka nikaugonge.
Mara mbili nikarudi kwenye ndoo.

Saa tatu kasorobo jirjiri moja ikadondosha tone,
ikanyanyua shingo. Ya pili. Saladi mbili hazikuamka,
nikawatupia mbuzi.
Spinachi niliitafuna palepale, mbichi.
Yule bibi hakusema uongo.

Nyuma yangu komeo likalia.
Mundhiri, soksi mguu mmoja,
akaangalia bakuli, akaangalia mlima.
"Ndimu," akasema, "umeziweka wapi?"